Mnauliza wati, waya hamuulizi

Haya, maswali ya sabufa yamejaa tena na nusu yake ni swali lile lile. Nimechukua machache, kama lako halipo soma la mwenzio, jibu utalikuta humo.

Nina IST, redio ni ile iliyokuja nayo toka Japani, nyuma haina matundu ya RCA (yale ya duara ya kutolea sauti kwenda kwenye amplifaya). Fundi anasema lazima nibadili redio ndo sabufa ifungike. Kweli? (Makorora)

Fundi ana redio ya kuuza huyo. Redio ya kampuni ina waya za spika, sauti unaichukua hapo hapo kwenye waya za spika za nyuma. Amplifaya nyingi siku hizi zina soketi ya kupokea waya za spika moja kwa moja, yako kama haina nunua konvata, kile kiboksi kidogo kinachoshusha umeme wa spika uwe saizi ya RCA, basi. Waya wa rimoti, ule unaoiamsha amplifaya, uvute kwenye laini inayokufa ukizima swichi, usiunge betri moja kwa moja halafu asubuhi unaita vijana wa mtaani wakusukume.

Ila kuna redio za kampuni zinakata besi zenyewe kadri unavyopandisha volyumu, zinalinda vispika vyake. Ikiwa yako iko hivyo utaona sabufa inapwaya ukiongeza sauti, hapo kweli kubadili redio kuna maana. Jaribu kwanza, hela baadae.

Kuna amplifaya wati 2000 bei poa sana, Vitz yangu itaiweza? (wameuliza wengi, siwataji)

Kila wiki! Wati 2000 za wapi bwana? Gari ikiwaka umeme wake ni kama volti 14, wati ni volti mara ampea, kwa hiyo wati 2000 za kweli zinataka ampea zaidi ya 140, na hapo amplifaya iwe haipotezi kitu kwenye joto, na hakuna isiyopoteza. Altaneta (zinazozalisha umeme injini ikiwaka) za gari ndogo nyingi ni ampea 60 hadi 100 na hizo hizo ziwashe taa, feni, AC na injini yenyewe. Sasa geuza hiyo amplifaya uangalie fyuzi iliyochomekwa ubavuni. Ukikuta moja ya ampea 30, zidisha kwa 14 unapata 420, toa inayopotea, umebaki na wati 300 hivi au chini ya hapo. Kwenye boksi soma RMS, yaani wati inazotoa mfululizo, ile namba kubwa yenye moto na radi pembeni ni pambo. Hata redio iliyoandikwa 50 mara 4 inatoa wati kama 18 safi kwa kila spika. Na wati 300 za kweli ndani ya Vitz zinatosha kabisa, kibati cha namba kitacheza.

Fundi kanifungia bila fyuzi pale kwenye betri, anasema fyuzi ipo kwenye amplifaya. Waya ni mwekundu wa kawaida. Ni sawa? (Pongwe)

Sio sawa, na leo kabla hujalala fungua bonet uchomoe huo waya kwenye betri. Sitanii.

Fyuzi ya amplifaya inalinda amplifaya. Ya betri inalinda waya, yaani inalinda gari na wewe uliyemo. Waya wako umetoka betri, umepenya bati la injini, umepita chini ya kapeti mpaka kwenye buti, na njia nzima una moto muda wote hata swichi ikiwa imezimwa. Gari inatetemeka, bati lina makali, siku ganda likikatika ni shoti kwenye bodi, betri inamwaga mamia ya ampea na hakuna cha kuizuia, waya unakuwa mwekundu kweli kweli na kapeti linashika. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka betri, kabla waya haujapita kwenye bati lolote, na tundu la bati livishwe raba.

Waya wenyewe sasa. Amplifaya ya fyuzi 30, geji 8 ya shaba inatosha kwa gari ndogo, ikifika 60 weka geji 4 (namba ndogo ndio waya mnene). Nimesema shaba! Kwangua kwa wembe, ukiona weupe ndani hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, kwa unene ule ule inapitisha kama asilimia 60 na kitu tu ya shaba, na hewa yetu hii ya chumvi hapa Tanga inaila haraka hasa ukiwa unalaza gari upande wa Raskazone. Ethi, waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, nayo iwe fupi isizidi nusu mita, unene sawa na waya wa moto, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, ukishakaza paka grisi. Na msifunge ethi kwenye boliti ya mkanda wa siti, nimeshaziona nyingi na mafundi wanabisha.

Nikikanyaga mafuta spika zinalia vuuuu. (Muheza)

Ethi. Ikiwa ethi ni nzuri basi RCA zimelala pamoja na waya wa moto, zitenganishe, moja kushoto moja kulia.

Kaka, nina Passo, buti nabebea bidhaa za duka na sitaki kelele, nataka besi kidogo tu. (Chumbageni)

Dada yangu, swali la mtu mwenye akili. Chukua sabufa ya chini ya siti ya inchi 8 yenye amplifaya ndani yake, pima nafasi kabla ya kulipa, siti isogezwe mbele na nyuma bila kubana waya. Kata masafa kwenye hezi 80, juu ya hapo waachie spika za mlangoni. Fyuzi ya betri bado inakuhusu.

Geni nimefungua mpaka mwisho ila inakwaruza.

Geni, ile nobu ya amplifaya ya kuilinganisha na redio, sio volyumu. Unachoma koili ya spika, shusha.

Prius je?

Prius nyingi betri ya volti 12 iko nyuma kwenye buti, ikiwa yako ni hivyo waya wako utakuwa mfupi, raha. Waya za rangi ya chungwa usiziguse kabisa, ni za umeme mkubwa, zile zinaua.

FM yangu inaishia 90.

Ndio FM ya Japani hiyo, nunua ekspanda, kiboksi cha kushusha stesheni za juu ziingie kwenye redio yako. Na hili sio swali la sabufa.

Nina Hiace ya abiria, nataka inchi 12 mbili chini ya siti ya nyuma. (Kange)

Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inaweka kikomo cha sauti cha desibeli 85 kwa masaa 8, ikifika 100 ni dakika 15 tu, na wewe na konda wako mnashinda humo kutwa. Weka moja. Ukikataa, basi ujue mbili za omu 4 (omu ni ukinzani wa spika) zikiungwa sambamba zinakuwa omu 2, na amplifaya ya chaneli mbili iliyounganishwa kuwa moja mara nyingi haishuki chini ya omu 4, soma maandishi yake kabla hujaiunguza.