Hashi: vijiti, daraja au ukingo?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kwenye tamthilia za Kijapani nasikia "hashi" wakiwa mezani, mara wakiwa barabarani. Ni neno moja?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni maneno matatu: vijiti vya kulia, daraja, na ukingo wa kitu, kama vile kaa la moto na kaa wa baharini kwetu. Kwa maandishi hayachanganyiki. Vijiti, 箸, vina alama ya mianzi juu. Daraja, 橋, lina alama ya mti kushoto. Ukingo ni 端.

Kwa sauti, sikiliza kupanda na kushuka. Tokyo, vijiti huanza juu na kushuka. Daraja huanza chini na kupanda. Ukingo nao hupanda, ila kineno cha sarufi kinachofuata hakishuki; baada ya daraja hushuka. Sisi Waswahili tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "hashi" yetu Tokyo inasikika vijiti. Nenda nayo Kyoto, inakuwa daraja! Jambo hili hunifurahisha kila ninapolifundisha.

Kuna hadithi ya mtawa Ikkyū: alikuta kibao kinachokataza kuvuka "hashi", akapita katikati ya daraja, akadai amekatazwa ukingo tu.

Ukialikwa chakula, usipokezane kipande kijiti kwa kijiti. Baada ya kuchoma maiti, ndugu hupokezana mifupa hivyo hivyo. Kiweke kwenye sahani, mwenzako achukue mwenyewe.