Ulsan ilivyogeuka
Umeuliza kama kijiji cha wavuvi kinaweza kugeuka mji wa viwanda ndani ya kizazi kimoja. Kinaweza, tazama Ulsan, Korea Kusini. Hadi serikali ilipoitangaza eneo maalumu la viwanda mwaka 1962, pale watu waliishi kwa samaki na kilimo, na kwenye bandari yake ya Jangsaengpo kwa kuwinda nyangumi. Kikaja kiwanda cha kusafisha mafuta, kikafuata cha magari ya Hyundai. Mwaka 1972 wakaanza kujenga karakana ya meli kwenye ufukwe wa Mipo, na (hapa ndipo mimi huchoka kabisa) meli ya kwanza iliundwa huku chelezo chenyewe (shimo kavu la kuundia meli) bado kinachimbwa! Ila jirani yake, Onsan, miaka ya 1980 wanakijiji walioishi karibu na viwanda waliumwa mifupa na viungo, wakahamishwa.