Koo la mtoto, homa ya wiki tano na tansio ya baba: tunajibu wasomaji wa Bukavu

"Magoti yamepona. Sindano ya kila mwezi ni ya nini tena?"

*Jambo Muganga. Binti yangu ana miaka 9. Aliumwa koo, tukanunua kotrimoksazoli kwenye farmasi, siku ya tatu akawa anacheza. Wiki tatu baadaye goti likavimba, likapoa, kikafuata kifundo cha mguu, kisha kiwiko, na homa juu. Lopitalini walifanya ekografi ya moyo, wakasema valvu moja inavujisha damu. Sasa wanataka achomwe sindano kila wiki nne mpaka awe mtu mzima. Viungo vimepona kabisa, na sindano hiyo inamliza mpaka majirani wanatoka nje. Tunaweza kuiacha? — Mama wa Kadutu*

Mama, tafadhali usiiache. Unachoeleza ni homa ya rumatizimu, ile ambayo kwenye karatasi za lopitali inaandikwa RAA. Daktari Mfaransa wa karne ya 19, Lasègue, alisema ugonjwa huu hulamba viungo lakini huuma moyo. Magoti yamelambwa tu, ndiyo maana yamepona bila alama. Valvu imeumwa.

Koo la mtoto lilishikwa na bakteria aitwaye streptokoki wa kundi A. Kinga ya mwili ikatengeneza silaha za kumpiga, lakini protini iliyo kwenye ngozi ya bakteria huyo inafanana na protini zilizo ndani ya moyo na viungo vya binadamu. Kwa hiyo wiki mbili hadi nne baada ya koo kupona, silaha zilezile zinageukia nyama ya mwenyewe. Valvu ya mitrali, mlango ulio kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo, ndiyo inayoumia zaidi. Inavimba, inapona kwa kovu, na kovu linaikunja. Kila koo jipya la streptokoki linaweza kuamsha shambulio jingine, na kila shambulio linaongeza kovu juu ya kovu. Sindano haiondoi kovu lililopo. Kazi yake ni kuhakikisha bakteria huyo hapati tena nafasi ya kukaa kooni.

Dawa yenyewe ni benzathini penisilini. Wauguzi wengi bado wanaiita Extencilline. Inakaa ndani ya msuli na kuyeyuka polepole, ila kuelekea wiki ya nne kiasi kilichobaki katika damu ni kidogo sana. Ndiyo maana tunasema wiki nne, na kwa wenye hatari kubwa wiki tatu. "Mwezi ujao nikipata pesa" ni mlango wazi. Andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani na uhesabu siku 28 kamili. Usihesabu "tarehe ileile ya mwezi", maana miezi mingi ina siku 30 au 31. Kwa mtoto mwenye uzito wa kilo 27 kwenda juu kipimo ni uniti 1,200,000. Chini ya hapo ni nusu yake. Kama valvu inabaki na kasoro, miongozo inataja miaka 10 tangu shambulio la mwisho au mpaka umri wa miaka 40, ule muda ulio mrefu zaidi. Valvu ikirudi kuwa nzima, ni miaka 10 au mpaka umri wa miaka 21, pia ule muda ulio mrefu zaidi. Ni safari ndefu, hatufichi.

Sasa maumivu, kwa sababu hayo ndiyo yanayowafanya watoto wengi waache. Unga huo ukichanganywa na maji unakuwa mzito kama maziwa, na chembe zake huziba sindano nyembamba. Muuguzi anasukuma kwa nguvu, dawa inaingia kwa kishindo, mtoto anapiga kelele. Mwombe atumie sindano ya namba 21 (yenye kichwa cha kijani), apashe chupa moto kwa viganja baada ya kuchanganya, aitikise vizuri muda mfupi tu kabla ya kuchoma, kisha asukume polepole kwa dakika mbili au tatu. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kuchanganya unga kwa lidokaini ya 1% isiyo na adrenalini badala ya maji matupu. Maumivu yanapungua sana. Dawa hii ni ya msuli peke yake: ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua. Mtoto awe amekula na kunywa maji, achomwe akiwa amelala, na mbaki kituoni nusu saa kwa ajili ya aleji. Jambo moja la kuuliza mnapoenda kupima moyo tena: kama valvu imeharibika vibaya na mtoto anahema akiwa ametulia tu, Shirika la Moyo la Marekani lilishauri mwaka 2022 kwamba vidonge vya kila siku ni salama kuliko sindano, kwa sababu moyo dhaifu unaweza kushindwa kuvumilia mshtuko wa kuchomwa. Barua yako haionyeshi hali hiyo.

Kama jirani atakwambia sindano hizi ni mazoea ya wauguzi tu, mweleze utafiti wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, uliotangazwa mwaka 2021. Watoto 818 wa miaka 5 hadi 17, ambao ugonjwa wao ulionekana kwa ekografi tu, waligawanywa makundi mawili kwa kura. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa 8.2% ya wale wasiochomwa, na kwa 0.8% tu ya waliochomwa kila wiki nne.

Na kwa wazazi wengine wanaosoma hapa: kotrimoksazoli haizuii RAA, wala tetrasaiklini. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 mwenye koo linalouma, homa, tezi zinazouma chini ya taya, bila kikohozi wala kamasi, apelekwe kuangaliwa. Akihitaji dawa, ni sindano moja ya benzathini, au amoksisilini ya miligramu 50 kwa kila kilo mara moja kwa siku, isizidi gramu 1, kwa siku 10. Siku kumi kweli, hata kama siku ya tatu anacheza. Ikianza ndani ya siku tisa tangu koo liume, bado inawahi kuukinga moyo. Koo lenye kikohozi, mafua na sauti iliyokwaruza kwa kawaida ni virusi, na hapo antibiotiki ni pesa iliyotupwa.

"Palu mara tatu, tifoide mara mbili, na homa bado ipo"

*Nina miaka 41, nafanya biashara ya ng'ombe kati ya Walungu na mjini. Wiki ya tano sasa kila jioni napata baridi, usiku shuka linalowa jasho, nimekonda. Nimetibiwa palu mara tatu na tifoide mara mbili kwa Widali. Serumu ya mwisho walitia deksa, nikapata nafuu siku mbili, homa ikarudi. Nifanye nini? — Ndugu wa Bagira*

Ndugu, acha kwanza kununua dawa. Mwaka 1961 madaktari Petersdorf na Beeson wa Marekani waliipa homa ya namna hii kipimo: zaidi ya digrii 38.3 mara kadhaa, kwa wiki tatu au zaidi, na chanzo hakijajulikana hata baada ya wiki moja ya uchunguzi lopitalini. Wewe umepita wiki tatu, lakini uchunguzi wenyewe hujaupata. Umepata matibabu matano.

Nunua kipimajoto cha dijitali na daftari. Pima saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni, na kila unapotetemeka, kabla ya kumeza parasetamoli. Futa jasho la kwapa, bana mkono mpaka kilie. Andika saa, digrii, dawa uliyomeza, baridi, jasho. Kwapani husoma karibu nusu digrii chini ya joto la ndani. Daftari la siku saba pamoja na maboksi yote ya dawa ulizotumia vitamsaidia muganga kuliko maelezo ya mdomo.

Vipimo ulivyofanyiwa vina mitego. Kile kipimo cha haraka cha palu, kijisanduku cheupe chenye mistari, kinatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki katika damu wiki kadhaa baada ya palu kupona. Mstari wa pili wiki mbili baada ya dawa hausemi kwamba palu imerudi. Hapo inatakiwa tone nene la damu kwenye darubini. Tena mtu mzima aliyezoea kuumwa na mbu wa tambarare ya Ruzizi anaweza kubeba vimelea wachache bila kuumwa nao, huku homa yake ikitoka mahali pengine kabisa. Widali, kile kipimo cha damu cha tifoide, ni dhaifu zaidi. Inasoma alama ambazo kinga iliacha zamani, hata za bakteria wengine wanaofanana, na Widali moja peke yake haithibitishi tifoide. Kinachothibitisha ni kuotesha damu: mililita 8 hadi 10 katika kila chupa, chupa mbili au tatu, zichotwe *kabla* ya antibiotiki. Wewe umeshameza antibiotiki. Kama hali yako imetulia, muganga anaweza kuamua uzisimamishe siku kadhaa ndipo damu ichotwe.

Deksa, yaani deksamethasoni, ndiyo inayotuumiza roho zaidi katika barua yako. Inazima homa bila kugusa chanzo, kwa sababu inainyamazisha kinga yenyewe. Kama kuna kifua kikuu kilichojificha, inakifungulia njia. Serumu yoyote utakayowekewa, uliza kilichomo.

Kwa kazi yako, la kwanza ambalo tungelitafuta ni bruselosi. Inapatikana kwa maziwa mabichi, kwa mashanza iliyotengenezwa na maziwa ambayo hayakuchemshwa, na kwa kushika kondo la ng'ombe aliyetoa mimba. Homa ya jioni, jasho la usiku na mgongo unaouma ni sura yake. Hutibiwa kwa dawa mbili pamoja kwa wiki sita; dawa moja peke yake kwa siku kumi huipooza tu, halafu inarudi. La pili, na huenda ndilo la kawaida kuliko yote hapa kwetu, ni kifua kikuu, hata bila kikohozi: kinaweza kukaa kwenye tezi, uti wa mgongo au tumboni. Kwa hiyo picha ya kifua, makohozi, kama unayo, kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta kifua kikuu, na kipimo cha VIH siku hiyohiyo. Kisha ekografi ya tumbo, kwa sababu jipu la ini la amiba huleta homa na maumivu chini ya mbavu za kulia, na wengi wenye nalo hawaharishi hata kidogo. Mwisho, muganga asikilize moyo kwa makini: valvu yenye kovu la zamani, kama ya binti wa Kadutu, ni mahali bakteria hupenda kujishika, na homa ya wiki nyingi inaweza kuwa ndiyo dalili yake pekee. Kama umewahi kuishi Maniema kwenye mbung'o, wale wanaoeneza ugonjwa wa malale, sema.

Usisubiri daftari lijae ukiona shingo imekaza, akili inachanganyikiwa, macho yamekuwa ya manjano, mkojo mweusi, unahema, au damu inatoka. Homa yenye kutokwa damu baada ya kumuuguza au kumzika mgonjwa, kaa ulipo na uite timu ya afya badala ya kuzunguka farmasi. Mwenga, mwezi wa nane mwaka 2019, ilionyesha kwamba Ebola inaweza kufika kwetu pia.

"Nimesikia moyo unatibiwa kwa dawa ya kinga"

*Nina miaka 58, tansio yangu ni 160 kwa 95. Mtoto wangu amesoma kwamba mishipa ya moyo inaziba kwa sababu ya kinga, na kwamba kolkisini, dawa ya gauti, inazuia. Ninunue? — Baba wa Nyawera*

Mtoto amesoma vizuri, Baba. Mafuta yakijipenyeza kwenye ukuta wa mshipa, chembe za kinga huyafuata, hushiba, hufa hapohapo na kuacha uvimbe. Mwaka 2017 Paul Ridker wa Boston na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 10,061 waliowahi kupata infaktasi (shambulio la moyo): dawa ya kanakinumabu, inayozima sehemu moja ya kinga, ilipunguza mashambulio mapya kwa 15%. Lakini waliokufa kwa maambukizi waliongezeka. Kolkisini ya miligramu 0.5 ilionekana kusaidia katika tafiti za 2019 na 2020, kisha utafiti mkubwa wa 2024, wa watu waliotoka tu kupata infaktasi, haukuona faida. Na kolkisini inayozidi kipimo, au ikikutana na antibiotiki ya klaritromaisini, ni sumu. Usiinunue.

Tatizo lako lina namba, na namba hiyo inashuka kwa dawa za bei nafuu. Hakikisha kwanza imepimwa sawasawa: umekaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono uko usawa wa moyo, nusu saa bila kahawa wala kupanda mlima wa Nyawera, mara mbili kwa siku tofauti. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huongeza namba ya uongo. Ikibaki 140 kwa 90 au zaidi, dawa ni ya kila siku, pia siku unazojisikia mzima. Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, kijiko kimoja kidogo, pamoja na ile iliyo ndani ya vile vidonge vya kuungia mchuzi. Makayabu yalowekwe usiku kucha na maji yabadilishwe mara tatu. Miguu ikivimba kwa amlodipini, moja ya dawa za tansio, rudi ubadilishiwe, usiache kimyakimya.

"Serumu ya vitamini inaongeza kinga?"

*— Mama wa Essence*

Hapana, Mama, kwa mtu anayekula na asiye na upungufu uliopimwa. Vitamini zilizozidi nyingi zinatoka na mkojo, na sindano iliyochomwa bila usafi inaweza kuleta jipu. Pesa hiyo inatosha kununua mayai na sambaza za wiki nzima. Angalia pia kadi ya chanjo ya mtoto: kama dozi ya pili ya surua haijaandikwa, mpeleke kituoni, chanjo hiyo ni bure.