"Humu ndani kuna mlemavu?"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilikuwa karani wa sensa mwaka 2022. Tulifundishwa kuuliza kama mtu ana shida ya kuona hata akivaa miwani, shida ya kusikia, ya kutembea na kadhalika. Kwa nini tusiulize moja kwa moja, "Humu kuna mlemavu?" Na "mlemavu" ni tusi?

JIBU: Marahaba. Tazama ukoo wa neno lenyewe: kulemaa, mlemavu, sawa na kulegea, mlegevu, kupotea, mpotevu. Hiyo -vu humvika mtu sifa mwili mzima. Ukimwita mtu mlegevu umemtaja yeye, si goti lake. Basi ukipiga hodi ukauliza "kuna mlemavu?", mwenye nyumba anamtafuta mtu wa magongo. Hayupo. "Hakuna, tunamshukuru Mungu." Na bibi yuko pale pale mkekani, hamtambui mgeni mpaka asikie sauti yake! Kwa wenyeji huo ni uzee tu. Wengine mtoto wanamjua vizuri, ila neno hilo linawafanya wamfiche chumbani, na hilo huniuma.

Maswali yenu yana asili yake katika Kundi la Washington la Takwimu za Ulemavu, lililoundwa 2001 chini ya Umoja wa Mataifa. Yanauliza vitenzi: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana. Majibu huanzia "hana shida" hadi "hawezi kabisa", na kwa kawaida huhesabiwa mwenye shida kubwa au zaidi, hata kwa kitenzi kimoja. Swali likibadilika, hesabu nayo hubadilika. Kenya ilipata asilimia 3.5 mwaka 2009, kisha 2.2 mwaka 2019 ilipotumia maswali ya namna hii kwa wenye miaka 5 na zaidi. Watu hawakupona. Anayepanga bajeti ya shule kwa kulinganisha tarakimu hizo mbili atawapunja watoto.

Hata hivyo vitenzi vyetu vina mitego, na hapa watafsiri wa madodoso wawe macho. Mama akisema "huyu mtoto hasikii," mara nyingi anamaanisha mkaidi, haambiliki. Ukiuliza "anasikia?" utamwandika mtundu kuwa kiziwi, au kiziwi wa kweli ataendelea kuchapwa kwa utundu. "Ana shida ya kusikia sauti" linaondoa utata. Neno "shida" nalo lisiachwe peke yake: "ana shida" ni kwamba hana pesa.

"Mlemavu" si tusi kwa asili, lakini katika maandishi tumia "mtu mwenye ulemavu", kama Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010. Ila usikimbilie kufuta "kiziwi". Wenyewe wamelichagua, wakaliweka kwenye jina la Chama cha Viziwi Tanzania. Unachopaswa kuchunga ni upatanisho: kiziwi amefika, viziwi wamefika, kamwe si "kiziwi kimefika".