Ulimi Unaouma na Kuvimba: Majibu kwa Wasomaji

Swali: Ulimi wangu umekuwa mwekundu na laini kupita kawaida, umevimba kidogo, na unachonyota nikila kitu chenye chumvi. Nimesukutua kwa dawa mbalimbali kwa miezi miwili bila nafuu.

Jibu: Maelezo yako yananifanya nifikirie damu kabla ya mdomo. Vinundu vidogo vinavyoupa ulimi mkwaruzo wake hujengwa upya kila mara, na kazi hiyo huhitaji madini ya chuma, asidi ya foliki na vitamini B12. Kimojawapo kikipungua, vinundu husinyaa, na ulimi hubaki mtupu na wenye maumivu ambayo dawa ya kusukutua haiwezi kuyaondoa. Omba upimwe damu, pamoja na viwango vya virutubisho hivyo vitatu. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa yuko katika hatari ya kukosa B12, lakini hata anayekula vizuri anaweza kupungukiwa, iwapo tumbo lake halitengenezi protini inayosaidia vitamini hiyo kufyonzwa, au iwapo ametumia metformini ya kisukari kwa miaka mingi. Nakusihi usianze kumeza asidi ya foliki peke yake kabla ya kupimwa: inaweza kurekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kudhurika kwa kukosa B12, na ganzi ya miguu inayofuata huenda isiondoke yote.

Swali: Natumia dawa ya pumu ya kuvuta, na sasa ulimi unauma na una utando mweupe. Je, niiache?

Jibu: Usiiache. Yaelekea ni fangasi, ambao hustawi pale steroidi iliyomo katika baadhi ya dawa hizo inapobaki mdomoni. Sukutua kwa maji na uyateme kila umalizapo kuvuta, kisha umwone daktari akupe dawa ya fangasi.

Swali: Nina kidonda kando ya ulimi, mahali panapogusana na jino lililovunjika. Ningoje hadi lini?

Jibu: Jino hilo lisawazishwe mapema, kwa kuwa kidonda hakitapona huku kikikwaruzwa kila siku. Vidonda vingi vya mdomoni hupona ndani ya wiki 2. Kinachopita wiki 3 ni lazima kichunguzwe, hasa kwa mtu anayetumia tumbaku au pombe, ili kuhakikisha kwamba si saratani. Kidonda kutouma kisikutulize, maana saratani ya ulimi mwanzoni inaweza isiume kabisa.

Swali: Mama yangu amemeza enalaprili ya shinikizo la damu kwa miaka mitatu. Mwezi huu ulimi wake umevimba mara mbili, kisha ukanywea wenyewe. Dawa aliyoizoea inaweza kuhusika?

Jibu: Inaweza, na swali lako ndilo lililonitia wasiwasi kuliko yote. Enalaprili na dawa za kundi lake, zikiwemo lisinoprili na kaptoprili, zinaweza kuvimbisha ulimi, midomo au koo hata baada ya miaka ya matumizi, na uvimbe unaofuata unaweza kuwa mkubwa zaidi na kuziba njia ya hewa. Azungumze na daktari leo, kabla ya kumeza kidonge kingine, ili abadilishiwe dawa. Msitegemee vidonge vya mzio, kwa kuwa mara nyingi havisaidii uvimbe wa aina hii. Sauti yake ikibadilika, akishindwa kumeza mate au akipumua kwa shida, mpelekeni hospitali papo hapo, hata kama ni usiku wa manane.