Shoo ya Jazi: Nipige Makofi Wakati Gani?

SWALI: Anti, habari yako? Jumamosi mchumba wangu ananipeleka shoo ya jazi hapa Nairobi, jamaa anapiga saksofoni, filimbi na kinanda na anakuja na bendi yake. Mimi nimezoea benga, naogopa kupiga makofi mahali si pake. Msomaji, Umoja

JIBU: Mdogo wangu, toa wasiwasi kabisa. Kwa jazi makofi hayangoji wimbo uishe, bendi inaanza na melodi yote pamoja halafu kila mmoja anapewa zamu ya kutunga papo hapo, besi, kinanda, dramu, na akimaliza tu wewe piga, hata mluzi ukitaka. Kaeni karibu na steji tafadhali, uone vile mtu wa saksofoni analowesha ule mwanzi wa mdomoni kwa ulimi kabla ya kupuliza, na vile anamgeukia mpiga dramu akitingisha kichwa kidogo tu na wimbo wote unabadilika, mimi hapo ndio huwa natoa machozi. Kabla ya Jumamosi msikilize Manu Dibango wa Kamerun, saksofoni, piano na vibrafoni, ile kama marimba ya vyuma, zote alipiga. Na beba sweta.