Maswali ya wasomaji: Mtaa wa zamani wa mlimani, kazi inaanzia bondeni

Barua nyingi safari hii zimetoka Mwanza, kwenye mitaa ya milimani iliyojengwa kabla mpimaji hajafika, na chache kutoka mwambao wa ziwa. Waandishi wote wanataka kuuboresha mtaa bila kuubomoa.

Mtaa wetu uko Mabatini, upande unaoshukia Mto Mirongo. Wakazi wamechanga, na tumekubaliana kupanga mawe kwenye njia kuu ya kupandia, kama mita 100. Fundi anataka kuanzia juu kwa sababu ndiko kubovu zaidi. Vijana wanataka taa kwanza. Tuanze na lipi? – Mjumbe wa serikali ya mtaa

Ndugu mjumbe, fundi asianzie juu. Mkitengeneza juu kabla ya chini, maji yatateremka kwa kasi zaidi kuliko sasa na kumwagika kwenye milango ya watu wa bondeni. Hao nao watajaza viroba vya mchanga njiani, na ugomvi utaanza kabla saruji haijakauka.

Kazi ya kwanza ni kutembea wakati wa mvua. Vuli ya Oktoba hadi Desemba inatosha. Chukueni karatasi, choreni njia, nyumba na majabali, kisha wekeni mshale kila mahali maji yanapopita na alama kila mahali yanapotuama. Wazee wa mtaa wapitie mchoro huo, maana wanajua mfereji upi wa zamani ulijengewa ukuta. Mara nyingi tatizo zima linatokana na mfereji mmoja wa namna hiyo.

Halafu pigeni hesabu ya maji. Paa la mita za mraba 40, likipata mvua ya milimita 30, linatoa karibu lita 960, ukiondoa moja ya tano inayopotea njiani. Nyumba 60 zinateremsha zaidi ya lita 57,000, na hapo hamjahesabu majabali, ambayo nayo hayanywi tone. Mtaro wa upana wa sentimita 40 na kina cha 40 unayabeba maji hayo bila shida hata palipo na mteremko mdogo. Kwa hiyo msikubali kuuziwa mtaro wa mita nzima kwa hoja kwamba huu utafurika. Mara nyingi mtaro wa mlimani hufurika kwa sababu ya taka na mchanga, si kwa udogo wake.

Mtaro uanzie kule maji yanakoishia, yaani bondeni, mpande nao. Lakini kabla ya kugusa ukingo wa Mirongo, pateni ridhaa ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Ofisi zake ziko hapohapo Mwanza. Palipo na mteremko mkali jengeni sakafu ya mtaro kwa ngazi ngazi ili kuvunja kasi ya maji. Pale mteremko unapolegea ghafla, wekeni shimo la kunasa mchanga: mita moja kwa mita moja, lishuke sentimita 60 chini ya sakafu ya mtaro. Bila shimo hilo, mchanga wote wa mlima utajikusanya hapo na mtaro utaziba masika ya kwanza. Andikeni kabisa nani atalizoa na kila baada ya siku ngapi, kwa sababu shimo lisilo na mwenyewe hugeuka jaa.

Mifuniko ya zege iwe ya kunyanyuliwa na watu wawili. Wa sentimita 60 kwa 45, unene 8, una uzito wa karibu kilo 52. Ukiufanya mnene zaidi hautanyanyuliwa, na usiponyanyuliwa hautasafishwa. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), unatoa mifuniko sita hadi saba. Wekeni nondo chini, upande wa tumbo la mfuniko, si juu kama wengi wanavyoweka. Mwagieni maji siku saba.

Mtaro ukikamilika, bado msipange mawe. Waiteni MWAUWASA, yaani mamlaka ya majisafi na majitaka ya Mwanza, na kila mwenye nyumba anayetarajia kuvuta maji au kuunga majitaka, mabomba yapite chini kwanza. Asiye na fedha leo awekewe kipande cha bomba tupu cha kuvuka njia, kizibwe ncha zote mbili. Njia nyingi mpya huharibika kwa sababu hii: wiki ya tatu mtu anakuja na sururu, anachimba, anarudisha mawe ovyo, na maji yanapata pa kuingilia.

Sasa mawe. Njia ya mita 100 kwa upana wa mita 2, kwa mawe ya unene wa sentimita 15, inahitaji kama mita za ujazo 35 za mawe yaliyolundikwa, yaani safari saba au nane za lori la tani 7. Mchanga wa kutandika sentimita 5 chini yake ni mita za ujazo 10, mbali na wa kujazia nafasi. Lori litamwaga bondeni, na kupandisha kichwani kunaweza kugharimu kuliko mawe yenyewe, basi bei hiyo iwe kwenye makisio tangu mwanzo. Jengeni kingo za pembeni kwanza, maana mawe yasiyo na ukingo hutembea. Njia ilale kidogo kuelekea mtaro, sentimita 3 kwa kila mita ya upana. Palipo wima kiasi kwamba mtu aliyebeba ndoo anainama, achaneni na mawe, jengeni ngazi: kimo cha sentimita 15 hadi 17, pa kukanyagia sentimita 30 au zaidi, na kituo cha kupumzikia kila baada ya ngazi 10 au 12. Vimo vyote vilingane. Ngazi moja iliyozidi sentimita 3 ndiyo itakayowaangusha wazee usiku.

Na hapo ndipo taa za vijana zinapoingia, mwisho, kwenye kona na vichwa vya ngazi.

Kuhusu fedha: michango haitatosha, wala haipaswi. Pelekeni jambo hili mkutano mkuu wa mtaa, liandikwe kwenye muhtasari pamoja na mchoro na makisio, lipite Kamati ya Maendeleo ya Kata, liende halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Muhtasari unaofika Aprili unasubiri mwaka mwingine. Fikisheni kabla ya Novemba. Kama njia inapitika na magari, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wahusishwe tangu kwenye mchoro.

Nyumba yangu Igogo imeungwa kwenye bomba la majitaka la mtaa, lile dogo linalopita uani. Kila mvua ikinyesha chemba inafurika uchafu. Tumeambiwa bomba ni dogo mno, tuweke kubwa. Ni kweli? – Mwenye nyumba wa mlimani

Si kweli, na mkibadilisha mtapoteza fedha. Mfumo wa mabomba madogo wa milimani hutumia inchi 4 na inchi 6 kwa makusudi: kwenye bomba jembamba maji machache yanapata kina cha kusukuma uchafu, lakini kwenye bomba pana yanatambaa chini na kuuacha. Umetaja mvua, na mvua ndiyo jibu. Kuna paa, au ua, uliounganishwa humo. Nyumba ya watu sita wanaotumia lita 40 kila mmoja inatoa lita 240 kwa siku nzima. Paa lake likiwa la mita za mraba 40, kwa mvua ile ya milimita 30, linamwaga mara nne ya hizo kwa muda mfupi. Bomba la majitaka la mtaa halikupangiwa mzigo huo.

Mtafuteni mhusika kwa ndoo: mwageni maji yenye rangi ya chokaa ndani ya kila mfereji wa paa, mtu mwingine akiwa amefunua chemba ya chini. Yakitokea meupe, mmempata. Mpeni muda wa kuhamishia maji yake kwenye mtaro, msimtangaze.

Siku bomba likiziba, msianze kupiga fimbo ya kuzibulia popote. Funueni chemba kutoka chini mkipanda. Mtakuta kavu, kavu, kisha moja imejaa. Kizibo kiko kati ya iliyojaa na kavu ya mwisho. Pigeni fimbo kutoka kwenye ile kavu kuelekea juu, mkikaa pembeni, kwa sababu kikiachia maji yanakuja yote kwa mkupuo. Kitakachotoka ni kilekile siku zote: matambara, pedi, majivu na mchanga wa kusugulia sufuria. Karo la kuoshea vyombo liwe na kichujio na kijishimo cha kunasa mafuta. Mama lishe mwenye sufuria kubwa kubwa awe na chake peke yake. Chemba nayo iwe na njia ya nusu-bomba sakafuni. Ikiwa bapa kama sanduku, uchafu unakaa humo.

Na wale wa juu ambao hawajaungwa, wanaosubiri mvua kubwa watapishe vyoo? Kinachotoka huko kinaishia ziwani, ambako ndiko maji ya jiji hili yanakovutwa. Kwenye makisio ya mtaa nyumba hizo ziungwe mwanzo, hata kama wenyewe ndio waliochanga kidogo.

Tunataka kupanua njia Kilimahewa, lakini jabali limekaa katikati. Kijana mmoja anasema atalipasua kwa moto wa matairi, na mawe tutayatumia kujengea. – Katibu wa kamati ya njia

Msilipasue mpaka mjue limekalia nini. Mengi ya majabali ya Mwanza hayajashikamana na mwamba wa chini. Yamekalia mengine, na mengine yamezuiwa na jiwe dogo la chini ambalo mtu mwenye nyundo analiona rahisi kuanza nalo. Zungukeni jabali lote. Angalieni nyufa mpya, zenye kingo safi zisizo na kuvu. Angalieni udongo wa chini: kama maji yameanza kuuchimba, kazi ya kwanza ni kuyageuza maji hayo na kujenga ukuta wa mawe wa kukinga, na nyundo isubiri. Moto wa matairi hupasua kweli, ila hakuna anayeweza kusema ufa utafuata upande gani, na moshi wake unaingia kwenye nyumba zilizobanana. Kama lazima liondoke, fundi wa migodini aje alione, na nyumba za chini yake ziwe tupu siku hiyo.

Kwa kawaida ni nafuu njia ikazunguka. Mita 2 za upana zinapitisha bajaji na machela. Gari la zimamoto linahitaji mita 3.5 hadi 4, na mlimani hamtazipata kila mahali. Chagueni njia moja tu kwa mtaa itakayofikia upana huo, nyingine ziachwe za miguu.

Nina nyumba na kibanda cha dagaa karibu na Mwaloni, Kirumba. Nasikia mradi unakuja na kwamba walio ndani ya mita 60 hawatalipwa. Nifanye nini? – Mama mfanyabiashara

Mama, hapo kuna mambo mawili yanayochanganywa. Mita 60 zinatoka kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, kinachokataza shughuli za kudumu ndani ya umbali huo kutoka ukingo wa ziwa au mto. Usiongeze ujenzi humo, hata kibaraza. Maji ya ziwa yalipanda kupita kiasi mwaka 2020, hivyo pima ukingo kwa alama ya maji yalipofika juu, si ulipo leo.

Kutwaliwa kwa ardhi kwa ajili ya mradi wa umma ni habari nyingine, yenye uthamini na fidia. Ya nani inalipwa na ya nani hailipwi hutegemea ulivyoipata ardhi na lini, basi kusanya leo hati za mauziano, risiti za kodi ya jengo, bili za umeme na maji, na barua ya serikali ya mtaa. Siku ya uthamini uwepo mwenyewe. Hakikisha kibanda kimehesabiwa mbali na nyumba, na usisaini fomu yenye nafasi tupu. Fidia kamili si thamani ya jengo na ardhi peke yake: kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na faida iliyopotea ya miezi 36 kwa biashara. Hiyo ya mwisho ndiyo wauza dagaa wengi wanaikosa, kwa kuwa hawana daftari. Anza daftari la mauzo na manunuzi wiki hii. Malipo yakicheleweshwa zaidi ya miezi sita, kuna riba.

Mtaa wetu umerasimishwa. Leseni ya makazi niliyonayo inatosha? – Msomaji wa Mabatini

Inatosha kukutambulisha, lakini ni ya muda mfupi na lazima ihuishwe. Hati inaweza kufika miaka 99. Kabla ya kulipia hati, linganisha mipaka ya kwenye ramani na ukuta wako mbele ya jirani. Makosa ya nusu mita kwenye njia ni mengi, na kuyarekebisha baada ya hati ni safari ndefu.

Sisi wapangaji tunabeba mawe, halafu mwenye nyumba anapandisha kodi. Kuna dawa? – Mpangaji, Igogo

Hakuna chombo kinachopanga bei ya kodi za nyumba, hivyo dawa ni mkataba. Kabla ya kubeba jiwe la kwanza, kamati iwatake wenye nyumba wanaopakana na njia wasaini kwamba kodi haitapanda kwa muda mtakaokubaliana, na siku za kazi za mpangaji zihesabiwe kama mchango wa nyumba hiyo, zikatwe kwenye kodi. Anayekataa alipe mchango wake kwa fedha taslimu.